Joto, Mkondo, Kisha Rangi: Niliyojifunza Katika Kutengeneza Taa za LED za Mimea

Kila anayeniuliza namna ya kujitengenezea taa ya LED ya kuoteshea mimea ndani ya nyumba huanza na rangi. Nyekundu ziwe ngapi, bluu ngapi, na je, ile zambarau inayoonekana kwenye picha ni ya lazima? Ni swali halali, nami nililizungukia muda mrefu. Lakini baada ya miaka ya kuunganisha taa hizi, kuzifungua zile zilizokufa ambazo watu huniletea, na kutazama miche ikikua chini yake, nimefikia msimamo ninaoutetea popote: taa ya mimea ni kazi ya kuondoa joto, kudhibiti mkondo wa umeme, na kuhesabu mwanga unaofika kwenye jani. Rangi inafuata nyuma ya hayo matatu. Anayeanza na rangi huishia na taa inayopendeza machoni na saladi iliyorefuka shingo.

Tuanze na jicho, maana ndilo linalotupotosha kwanza. Jicho la binadamu lina uhodari mkubwa wa kuzoea. Ukitoka kwenye jua la adhuhuri ukaingia ofisini, baada ya muda mfupi unaona kila kitu sawasawa, kana kwamba mwanga haujapungua. Umepungua mno. Ofisi yenye taa nzuri ina kama luksi 500 (kipimo cha ukali wa mwanga kwa jicho la mtu) juu ya meza, wakati jua la adhuhuri pasipo mawingu hufikia luksi 100,000 hivi. Jani halina uwezo huo wa kujirekebisha kama jicho. Lenyewe linapokea fotoni, zile chembe za mwanga, na kwa fotoni hizo linatengeneza sukari. Zikija chache, sukari inakuwa chache.

Ndiyo maana wataalamu wa mimea hawapimi kwa luksi. Wanahesabu maikromoli za fotoni zinazotua juu ya mita moja ya mraba kila sekunde, na wanazihesabu zile tu zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, ambazo ndizo zinazoendesha usanisinuru. Kwa kipimo hicho, jua kali la mchana ni kama 2,000. Meza ya ofisini yenye luksi 500 za LED nyeupe ni 7 tu. Nilipoiona hesabu hiyo mara ya kwanza nilielewa kwa nini miche inayowekwa chini ya balbu ya kawaida ya chumbani hurefuka, ikapauka, kisha ikalala ubavu. Ina njaa, hata kama chumba kinang'aa.

Mboga za majani hufurahi zikipata kati ya 200 na 300. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu mmea hujumlisha mwanga wa siku nzima. Chukua 250, zidisha kwa sekunde za saa 16, na unapata moli 14.4 kwa kila mita ya mraba kwa siku (moli moja ni maikromoli milioni moja). Saladi inakua vizuri kabisa kati ya moli 12 na 17. Nyanya na pilipili, zenye kazi ya kujaza matunda, zinataka moli 20 hadi 30. Hesabu hii ya siku nzima ndiyo iliyonipa uhuru mkubwa kuliko maarifa mengine yote ya kazi hii. Mtu mwenye taa hafifu anaweza kuongeza saa, na mwenye taa kali anaweza kuzipunguza, mradi jumla ifike na mmea wenyewe uvumilie urefu huo wa siku.

Kifaa cha kupimia maikromoli ni ghali, lakini kipo kipimo cha luksi cha kawaida, tena simu nyingi zina kihisi cha mwanga kinachoweza kukadiria. Kwa LED nyeupe gawanya luksi kwa 70 na umepata maikromoli kwa usahihi unaotosha bustani ya nyumbani. Kwa hiyo 250 ni kama luksi 17,500. Kwa taa ya zambarau mgawanyo huu haufai kabisa, kwa kuwa luksi imepangwa kufuata jicho la mtu, linaloona kijani cha nanomita 555 kuliko rangi nyingine na kuidharau nyekundu nzito na bluu nzito. Taa ya zambarau ikipimwa kwa luksi itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, yaani kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, nazo zina tatizo hilohilo.

Maandishi ya boksi yananiudhi kwa jambo jingine. Utakuta taa imeandikwa “wati 1,000” kwa herufi kubwa, ukiichomeka kwenye mita ya wati inakula 100 au pungufu. Wengine huandika “sawa na” kwa herufi ndogo, wengine hawaandiki hata hilo. Ushauri wangu ni kupima wati kwenye soketi yenyewe kabla ya kuamini lolote. Wati unazolipia ndizo pekee zinazoweza kugeuka mwanga.

Hapo ndipo usanifu unapoanza. Tuseme unataka kumulika eneo la sentimita 60 kwa 60, yaani mita za mraba 0.36. Ili kila sehemu ipate 250 unahitaji maikromoli 90 kwa sekunde zitue kwenye majani. LED nyeupe nzuri, isiyolazimishwa kupita kiasi, hutoa kama maikromoli 2 kwa kila wati, na zile bora zaidi hupita hapo. Si zote zitakazotua panapotakiwa, kwani nyingine zitamulika ukuta na sakafu. Nikichukulia kwamba asilimia 80 zinafika, nahitaji wati 56 hivi. Huo ndio ukubwa wa taa ninayopendekeza kwa mtu anayeanza: inatosha kuotesha mboga za majani kwa uhakika, na ni ndogo kiasi cha kujengwa mezani kwa vifaa vya mkononi.

Sasa, wati 56 unaweza kuzipata kwa diodi (yaani LED mojamoja) chache zinazoendeshwa kwa nguvu zote, au kwa diodi nyingi zinazoendeshwa nusu. Chagua nyingi. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wauzaji husifu diodi kwa kiwango chake cha juu kabisa, na mjenzi mpya huona ni hasara kuiendesha chini ya hapo. Kumbe kadiri unavyoongeza mkondo ndani ya LED, ndivyo sehemu ya umeme inayogeuka mwanga inavyopungua na sehemu inayobaki joto inavyokua. Diodi ileile, kwa nusu ya mkondo wake wa juu, hutoa zaidi ya nusu ya mwanga. Inapoa, inadumu, na inakulipa kila siku kwenye bili ya umeme. Kwa taa ya wati 56 napenda safu mbili za diodi nyeupe 18 kila moja, kila safu na draiva yake ya miliampea 500. Kila diodi inachukua kama volti 3, kwa hiyo safu ni volti 54 na wati 27. Mbili pamoja zinakaribia lengo.

Neno draiva linahitaji kukaa nalo kidogo, maana hapa ndipo taa nyingi zinapofia. Balbu ya zamani ya uzi uliipelekea volti fulani nayo ikajipimia yenyewe umeme wa kuchukua. LED haifanyi hivyo. Ikishafika kwenye volti yake ya kuwaka, ongezeko dogo tu la volti huleta ongezeko kubwa la mkondo. Kibaya zaidi, diodi ikipata joto volti yake hushuka milivolti chache kwa kila nyuzi. Ukiwa umeifunga kwenye chanzo cha volti zisizobadilika, kushuka huko kunafungua mlango wa mkondo zaidi, mkondo zaidi unaleta joto zaidi, joto linashusha volti tena, na mzunguko huo unaendelea mpaka diodi inaungua. Nimefungua taa ambazo diodi zake zilikuwa na alama nyeusi katikati, na chanzo chake kilikuwa ni hicho: umeme wa volti maalumu, bila chochote cha kushikilia mkondo. Draiva ya LED inafanya kinyume. Inashikilia mkondo, miliampea 500 zibaki 500, na kuiacha volti ipande au ishuke yenyewe ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye lebo, tuseme kati ya 36 na 60. Safu yako ya volti 54 ikiingia ndani ya mipaka hiyo, umemaliza.

Kwa nini draiva mbili na si moja ya miliampea 1,000 kwa safu zote mbili zikiwa sambamba? Kwa sababu diodi hazilingani kikamilifu hata zikitoka kiwanda kimoja. Safu yenye volti ndogo kidogo itachukua mkondo mkubwa, itapata joto, volti yake itashuka tena, nayo itavuta zaidi. Na siku safu moja ikikatika, draiva itasukuma miliampea zote 1,000 kwenye ile iliyobaki. Wapo wanaofunga safu sambamba na taa zinafanya kazi miaka, hasa diodi zikiwa zimekaa kwenye kipoza joto kimoja na zikiendeshwa kwa upole. Mimi napendelea kulala usingizi.

Joto sasa. Watu husema LED ni taa baridi, na usemi huu umeua taa nyingi. Ni kweli kwamba haikumuliki kwa joto kama balbu ya uzi, ambayo hurusha sehemu kubwa ya nishati yake mbele kama mionzi ya joto. LED nzuri hugeuza takriban nusu ya umeme kuwa mwanga, na nusu nyingine hubaki pale pale ndani ya chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Haina njia ya kutoka isipokuwa kupitia mgongoni. Kwa taa yetu hizo ni wati 25 hadi 30 zinazotafuta mlango kila sekunde, kwa saa 16 kila siku.

Mlango huo ni alumini. Diodi huja zimebandikwa kwenye vibao vyembamba vya alumini, na vibao hivyo vinatakiwa vikae juu ya kipoza joto, yaani kipande kikubwa cha alumini chenye mapezi, au bapa zito kama hakuna chenye mapezi. Kati ya kibao na kipoza joto huwa kuna hewa katika vijimashimo visivyoonekana, na hewa haipitishi joto, ndiyo maana tunapaka grisi ya kupitisha joto. Kazi ya grisi ni kujaza vijimashimo tu. Tabaka liwe jembamba kiasi cha kuonyesha rangi ya alumini chini yake, kisha kibao kibanwe kwa skrubu pande zote. Nimeona watu wakipaka nene wakidhani ndivyo itakavyopoa, kumbe grisi yenyewe hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na alumini. Mapezi yasimame wima ili hewa moto ipande katikati yake na hewa baridi iingie chini. Ukiweza, taa isiwe na mfuniko juu.

Namna yangu ya kukagua ni rahisi. Taa iwake saa nzima, izimwe na kuchomolewa, kisha nashika kipoza joto kwa kiganja. Nikiweza kukishikilia bila kukereka, nimeridhika. Kikinilazimisha kuondoa mkono mara moja, kimekaribia au kimepita nyuzi 60, na chipu yenyewe ina joto zaidi ya hapo. Basi ama naongeza alumini, ama napunguza mkondo, ama naweka feni ndogo. Chaguo la mwisho naliepuka, kwa kuwa feni ikifa usiku taa haijui.

Kuchomelea nyaya kwenye vibao hivi huwatesa watu wenye ujuzi wa kuchomelea vitu vingine, na sababu ni hiyohiyo ya joto. Kibao kimetengenezwa kunyonya joto, basi kinanyonya la kichomeo chako pia, risasi inaganda kabla haijashika. Fanya kazi hiyo kabla ya kufunga kibao kwenye kipoza joto, tumia kichomeo chenye nguvu na ncha pana, na ukiweza kipashe kibao chote joto kidogo kwanza. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaa. Kilichosimama kama tone la mvua juu ya jani kirudie. Na kabla hujawasha, pima kwa multimita kati ya waya na bapa la alumini. Pasiwe na mawasiliano kabisa.

Hapa naomba msomaji asiruke. Zipo LED zinazouzwa kwa jina la kutohitaji draiva. Ni bapa dogo lenye vipande vya elektroniki pembeni, unalichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani wa volti 220. Ni rahisi kufunga, na ndizo zinazonitia hofu kuliko kitu chochote katika kazi hii. Diodi zake zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi, na kinachozitenga na alumini unayoigusa ni tabaka jembamba la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Tabaka likipasuka kwa joto au kwa skrubu iliyokazwa vibaya, taa yote inakuwa na umeme hai, juu ya vyombo vya maji, mahali unapoweka mikono mibichi kila asubuhi. Sizitumii. Nisingependa mtu yeyote azitumie kwenye mimea. Elektroniki zilizotolewa ndani ya balbu za kawaida za LED nazo mara nyingi hazijatenganishwa na gridi, kwa hiyo kuzichomoa na kuzigeuza draiva ni hatari ileile.

Tafuta draiva iliyotenganishwa na gridi, yenye kasha lisilopitisha maji, na yenye volti za kutoka zisizozidi 60 za DC hata pasipo kitu kilichounganishwa. Iwekwe mbali na maji na juu kuliko beseni la mimea. Kipoza joto kiungwe na waya wa ethi. Fyuzi iwepo. Soketi ilindwe na kikata umeme kinachohisi umeme unaovuja, kile kinachokata kabla moyo haujadhurika. Na waya unaokwenda kwenye soketi ushuke chini kwanza ufanye kitanzi kabla ya kupanda, ili tone la maji linalotambaa juu yake lidondoke kwenye kitanzi lisifike kwenye plagi. Kitanzi hicho hakigharimu chochote, na mara nyingi ndicho kinachosahaulika.

Baada ya hayo, tuzungumze rangi.

Zambarau ilitoka wapi? Klorofili ikitolewa kwenye jani na kuyeyushwa ndani ya chupa, hunyonya bluu na nyekundu kwa nguvu na kuiacha kijani ipite. Michoro ya upimaji huo ilienea, na kwa miaka mingi diodi za rangi mojamoja zilikuwa na ufanisi kuliko nyeupe, hivyo taa za bluu na nyekundu zikaonekana ndizo sahihi. Lakini jani zima si klorofili ndani ya chupa. Mapema miaka ya 1970 mtafiti Keith McCree alipima majani ya aina 22 za mazao chini ya kila rangi, na ikaonekana kwamba kijani hutumika kwa kiwango kikubwa, pungufu ya nyekundu, lakini si takataka hata kidogo. Jani huonekana kijani kwa sababu ya ile sehemu ndogo linayoirudisha. Sehemu kubwa inabaki ndani. Tena kijani huzama ndani zaidi ya jani na kupenya mpaka kwenye majani ya chini, ambako bluu na nyekundu hazifiki kwa wingi.

Leo LED nyeupe ni za bei nafuu na zina ufanisi mkubwa. Karibu kila LED nyeupe ni LED ya bluu, ile ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2014 kwa kuivumbua, iliyofunikwa kwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Bluu inayopita bila kugeuzwa ndiyo inayofanya mashina yawe mafupi na imara. Ukichagua nyeupe ya kelvini 3,000 hadi 4,000 (kelvini hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda bluu inaongezeka) umepata bluu ya kutosha na nyekundu ya kutosha ndani ya diodi moja. Kelvini 6,500 inafaa kwa miche na mboga za majani. Ina bluu zaidi, hivyo mimea inakuwa mifupi.

Naongeza diodi chache za nyekundu ya nanomita 660 kwenye kila safu, na sababu yangu ni ya hesabu kuliko ya biolojia. Fotoni nyekundu inabeba nishati ndogo kuliko fotoni ya bluu, kwa hiyo wati moja inatoa fotoni nyingi zaidi za nyekundu, na jani linazihesabu kwa idadi. Nne kati ya 18 zinatosha. Kwa kuwa ziko kwenye mfuatano mmoja zinapokea mkondo uleule bila shida. Kumbuka tu kwamba nyekundu huchukua kama volti 2 badala ya 3, basi volti ya safu inashuka hadi 50 hivi.

Lakini hoja inayonishikilia kwenye mwanga mweupe ni ya mtunzaji. Chini ya zambarau majani yote yanaonekana meusi. Huoni jani linaloanza kugeuka njano kwa kukosa naitrojeni, huoni vidukari, huoni unga wa ukungu mpaka umeenea. NASA ilipopeleka chombo cha kuoteshea mboga kiitwacho Veggie kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2014, taa zake zilikuwa na nyekundu, bluu na pia kijani, ambayo iliifanya mimea ionekane kwa rangi yake ya kawaida. Agosti 2015 wanaanga walikula saladi iliyokua humo. Kama huko juu waliona umuhimu wa kuuona mmea ulivyo, mimi niliye karibu nao kila siku nauona zaidi.

Taa ikishawaka, kazi ya kuitandaza inaanza. Nachukua kipimo cha luksi na kupita nacho sehemu tisa: pembe nne, kati ya pembe, na katikati. Taa yenye diodi zote zimerundikana katikati hutoa pembeni nusu au chini ya nusu ya kilichopo katikati, na mimea itakuonyesha hilo kwa kuinamia ndani. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda diodi nyingi dhaifu: unazitawanya, ukizisogeza kidogo kuelekea kingo. Kuta zilizo karibu zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa, nazo zitarudisha sehemu kubwa ya mwanga uliokuwa unapotea. Karatasi za alumini za jikoni hurudisha pia, ila zikikunjamana hutupa mwanga kwa madoa.

Urefu naurekebisha kwa mnyororo. Sentimita 25 hadi 30 juu ya majani ni pa kuanzia, kisha mmea unaniongoza. Shina likirefuka na nafasi kati ya majani kuwa ndefu, nashusha. Majani ya juu yakipauka kuwa meupe huku ya chini yakiwa mazuri, napandisha, kwani huo ni mwanga uliozidi uwezo wake. Ninachoangalia kwa makini zaidi ni kingo za majani machanga ya saladi. Zikikauka na kuwa kahawia, watu hulaumu joto la taa, wakati mara nyingi ni kalisiamu isiyofika. Kalisiamu husafiri na maji yanayovukizwa na jani, na majani machanga yaliyojikunja katikati huvukiza kidogo, hasa hewa ikiwa imetulia na mmea ukikua kwa kasi. Feni ndogo inayotikisa majani polepole huondoa tatizo hilo kuliko kuongeza mbolea, tena upepo huo huimarisha mashina.

Taima ni ya lazima, kwa sababu mkono wa mtu husahau na mmea unaihesabu siku. Saa 16 zinaifaa saladi na mrihani. Spinachi ina tabia nyingine: siku ikizidi saa 14 hivi huharakisha kutoa maua, na majani yake hayafai tena. Kwayo nashika saa 12 na kuongeza ukali wa mwanga. Kuwasha taa saa 24 kwa tamaa ya mavuno sikushauri. Nyanya kwa mfano huugua majani chini ya mwanga usiokatika.

Umeme unaotumika si siri: wati 54 kwa saa 16 ni uniti 0.86 kwa siku, pamoja na kidogo kinachopotea ndani ya draiva. Kwa mboga za majani, miche ya kuhamishia nje na viungo vya majani, naona ni matumizi ya haki. Kwa nyanya utahitaji karibu mara mbili ya mwanga huo juu ya eneo lilelile, kwa miezi, kabla ya tunda la kwanza kuiva. Anayetaka nyanya za ndani ajenge taa mbili kama hii na azifunge bega kwa bega, akijua anachokilipia.

Kuhusu kudumu, diodi zilizopozwa vizuri hazifi ghafla. Hufifia taratibu sana. Kinachotangulia kufa ni draiva, na ndani yake ni kapasita za elektroliti, ambazo hukauka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza huongeza umri wa kapasita maradufu. Basi draiva isibandikwe juu ya kipoza joto hata kama nafasi ipo na nyaya zingekuwa fupi. Naifunga pembeni, kwenye hewa, na kuiunganisha kwa viunganishi vya kuchomoa badala ya kuchomelea, ili kuibadilisha iwe kazi ya dakika chache umeme ukiwa umezimwa. Nyuma ya taa nabandika karatasi yenye volti za safu, miliampea, na luksi nilizopima katikati kwa sentimita 30 siku ya kwanza. Kila ninapoondoa zao moja kabla ya kupanda jingine, nafuta vumbi kwenye diodi kwa kitambaa kikavu na kupima tena mahali palepale. Namba ikishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi baada ya kufuta vumbi, nakagua skrubu na grisi kwanza, kisha mkondo wa draiva, na mwisho kabisa diodi zenyewe.